UZI: Riwaya ya taharuki ya wasichana kambini. Swali siyo "nani alifanya", ni "nani alijua akanyamaza"

Mshona Kurasa (mwanzisha uzi)

Wadau wa riwaya, salaam. Uzi huu ni mrefu, nautoa kwa vipande, mnivumilie.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa naandika riwaya ya taharuki kwa ajili ya vijana. Kisa kinatokea Marekani, jimbo la Maine, kwenye kambi ya wasichana ya likizo ya kiangazi kando ya ziwa. Wahusika wana miaka kumi na nne hadi kumi na sita. Usiku mmoja msichana mmoja hayupo kitandani. Nilifika sura ya 11. Wiki iliyopita nikazifuta zote, na sijuti, maana hatimaye nimeona kosa lilikuwa wapi.

Hofu yote nilikuwa nimeipeleka msituni. Matawi yanakatika, tochi inazimika, nyayo kwenye tope asubuhi. Nikampa binti wa miaka kumi na tano asome, msomaji mkali asiyenionea haya. Akamaliza, akaniuliza swali moja tu: "Yule mgeni, siku ya pili, kwa nini alikubali kumdanganya mlezi?" Ilikuwa sentensi moja. Niliiweka ili wasichana watoke kibandani bila kuulizwa, basi. Yeye akaganda hapo. Msitu wote niliouhangaikia haukumtisha hata kidogo.

Nilikaa na swali lile siku mbili. Mgeni alikubali kwa sababu wenzake watatu wanajuana tangu kiangazi kilichopita, na akikataa atalala wiki saba kwenye chumba kimoja na watu wasiosema naye. Kwa umri ule hakuna dubu wala muuaji anayetisha kuliko hilo. Kwa hiyo hoja yangu, na nitaisimamia uzi mzima: riwaya ya namna hii haiendeshwi na nani alifanya. Inaendeshwa na nani alijua akanyamaza, na kunyamaza kule kulimpa nini.

Kipande cha pili kinakuja, nazungumzia kambi yenyewe.

Mshona Kurasa

Kwa ambao hawajazifahamu kambi hizi. Shule nyingi za Marekani hufungwa kuanzia Juni hadi Agosti au mapema Septemba. Mtoto anaweza kupelekwa kambini wiki moja, mbili, au kiangazi chote, wiki saba au nane. Analala kwenye kibanda cha mbao chenye vitanda vya deka, na wenzake wa rika lake, na mlezi mmoja au wawili. Wengi wanaitaja safari ya mwaka 1861 kuwa ndiyo mwanzo, pale mwalimu Frederick Gunn na mkewe Abigail walipowachukua wavulana wa shule yao huko Connecticut, wakatembea kwa miguu mpaka pwani na kupiga kambi. Wasichana walifuata baadaye. Mwaka 1910 Luther na Charlotte Gulick, waliokuwa na kambi kwenye ziwa Sebago hukohuko Maine, walianzisha chama cha wasichana cha Camp Fire Girls, na mwaka 1912 Juliette Gordon Low akaanzisha skauti wa kike wa Marekani mjini Savannah, Georgia. Historia inatosha, ila kumbukeni kwamba wazo la awali lilikuwa kumtoa msichana nyumbani ili agundue anaweza kufanya nini pasipo mama yake. Mwandishi wa taharuki anauliza swali hilohilo, ila anatarajia jibu baya.

Sasa angalieni mwandishi anachopewa bila kuomba.

Kwanza, watu wazima ni wachache, na wengine bado si watu wazima sawasawa. Mlezi wa kibanda mara nyingi ni mwanachuo wa miaka kumi na tisa au ishirini. Chini yake kuna mlezi mwanafunzi, wa miaka kumi na sita au kumi na saba, ambaye mwaka jana alikuwa analala kitanda cha juu kama wao. Huyu ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote na naona waandishi wengi wanampita. Ana ufunguo wa banda la mitumbwi lakini hana mamlaka yoyote. Akiripoti kwa wakubwa, amewasaliti wasichana waliomwamini. Asiporipoti, naye amehusika. Hebu mfikirieni saa tano usiku, amesimama kwenye ngazi za kibanda, anahesabu mablanketi na anajua mojawapo limejazwa nguo.

Pili, barua. Kambi nyingi haziruhusu simu, na watoto huhimizwa kuandika nyumbani kwa mkono. Mwandishi akipata hilo amepata masimulizi mawili kwa mpigo: sura inayosema kilichotokea, kisha barua kwa mama inayosema "leo tumejifunza kupiga makasia, chakula kizuri." Msomaji anajua. Mama hajui. Na barua ikishatumwa haina kurudishwa, itafika baada ya siku kadhaa ikiwa imepitwa na kila kitu.

Kalamu Nzito

Mkuu, uzi mzuri, lakini napinga. Hakuna kijana atakayefika sura ya tano kama hakuna hatari ya kweli. Kununiana kibandani ni hadithi ya shule ya bweni, si taharuki. Mpe mtu mwenye shoka bwana, msomaji akimbie kurasa.

Mshona Kurasa

Kalamu Nzito, nimekusikia, na sijaiondoa hatari. Kuna binti amepotea na ziwa lina kina. Ninachokataa ni kuifanya hatari itoke nje ya kundi.

Umemtaja mtu wa shoka, basi tuanze naye. Kwenye kambi za jimbo la New York kuna ngano ya siku nyingi inayosimuliwa kando ya moto usiku, ya mtu aitwaye Cropsey. Masimulizi yanatofautiana, lakini mengi yanaenda hivi: alikuwa mtu wa heshima, mtoto wake akafa kwa uzembe wa wanakambi, yeye akapoteza akili, na sasa anarudi na shoka kulipiza. Umeona ilivyosukwa? Hata ngano yenyewe ya shoka haianzi na shoka. Inaanza na watoto waliofanya uzembe. Walezi huisimulia ili watu wasitoke vitandani usiku, ila kinachobaki moyoni mwa msikilizaji ni kwamba sisi ndio tulisababisha. Waliokuja kuiga wakachukua shoka, hatia wakaiacha.

Binti Maktaba

Mimi huwa nawachagulia vijana vitabu na nakubaliana na dada Mshona. Wasichana wakinirudishia riwaya ya namna hii, hawanielezi muuaji. Wananielezea urafiki. "Yule alimtumia mwenzake", "yule alijua tangu mwanzo". Wanagombana kabisa kuhusu nani alikuwa rafiki wa kweli.

Swali langu ni la kiufundi. Unaitengenezaje taharuki bila kumficha msomaji mambo kwa hila? Vijana wanakasirika sana wakigundua msimulizi alikuwa anajua jambo sura kumi nzima, kisha analitoa mwishoni kama karata.

Mshona Kurasa

Binti Maktaba, ahsante, hilo ndilo nililotaka kufikia.

Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu, alimweleza mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, Truffaut, kwenye mahojiano yao ya mwaka 1962 tofauti ya mshtuko na taharuki. Watu wamekaa mezani, chini yake kuna bomu. Likilipuka ghafla bila mtazamaji kujua, umempa sekunde kumi na tano za mshtuko. Ukimwonyesha bomu mapema, kisha ukawaacha wale watu wapige soga za kawaida, umempa dakika kumi na tano za taharuki, na soga zilezile za kawaida zinakuwa hazivumiliki. Nimeishi na mfano huo miaka mingi nikidhani nimeuelewa. Kumbe bado nilikuwa naandika mshtuko.

Sasa kambini bomu linakaa wapi? Nitawaambia lilipo kwenye kitabu changu, maana limenichukua muda kulipata.

Kambi nyingi zina utaratibu wa wenza ziwani. Hakuna anayeingia majini peke yake, kila msichana ana mwenzake. Kila baada ya dakika kadhaa mlinzi anapuliza firimbi, kila jozi inashikana mikono na kuinyanyua juu, jozi zinahesabiwa. Na ufukweni kuna ubao wenye misumari au vishikizo, kila muogeleaji ana kibao chake chenye namba. Ukiingia majini unakigeuza au unakihamisha, ukitoka unakirudisha. Mwisho wa kipindi mlinzi anaangalia ubao. Vibao vyote vikiwa upande wa nchi kavu, watu wote wametoka.

Mnaona ukubwa wa jambo hilo? Uhai wa watu sitini umetundikwa kwenye misumari, na usalama wote unategemea kwamba kila mtu anagusa kibao chake tu.

Kwenye rasimu mpya, msichana mmoja anataka kutoroka kipindi cha kuogelea cha jioni ili akakutane na mtu ng'ambo ya ghuba ndogo. Anamwomba mgeni amgeuzie kibao. Sekunde moja tu, hakuna atakayejua. Mgeni anakigeuza. Firimbi, hesabu, ubao safi, wote wanapanda kula. Usiku kitanda kitupu. Na kwa kuwa ubao ulisema ametoka majini, watafutaji wote wanapelekwa msituni.

Msomaji analijua hilo kuanzia ukurasa wa kwanza. Simfichi. Kwa hiyo kila safu ya watu wazima inayoingia msituni na tochi ni bomu la Hitchcock: wanatafuta pasipo, na kuna mtu mmoja amekaa kwenye ngazi za bwalo, kikombe mkononi, anaweza kuwageuza wote kwa sentensi moja. Haisemi. Saa inapita. Bado haisemi.

Kalamu Nzito, niambie kama hapo utaweka kitabu chini.

Kalamu Nzito

Aisee. Hapana, siweki. Nafuta kauli yangu ya shoka. Lakini mbona asiseme? Uhai wa mtu uko hatarini, mtoto wa miaka kumi na tano mwenye akili timamu atasema tu.

Mshona Kurasa

Kila msomaji mzima ataniuliza hilo, kwa hiyo lazima riwaya ilijibu hatua kwa hatua, siyo kwa neno "aliogopa".

Saa ya kwanza hasemi kwa sababu anaamini mwenzake yuko na yule mtu, atarudi, na akisema atakuwa amemchoma bure. Saa ya pili hasemi kwa sababu msichana mkubwa wa kibanda amemkazia macho. Saa ya nne anataka kusema, lakini sasa atalazimika kueleza kwa nini hakusema saa ya kwanza. Hapo ndipo kwenye uchungu wenyewe. Ukimya unapanda bei kila saa, na asiyekuwa nacho cha kulipia saa ya kwanza hawezi kabisa kulipia asubuhi. Mtu mzima anasahau jinsi hesabu hiyo inavyokuwa na mantiki ukiwa ndani yake. Mimi binafsi niliwahi kunyamaza shuleni juu ya jambo dogo kuliko hilo, na nakumbuka mpaka leo sauti ya mwalimu akiuliza mara ya pili.

Mzee wa Sura

Hongera binti yangu, nimefuatilia toka juu. Mimi nasisitiza mahali. Umesema Maine. Usiandike Maine ya jina tu. Ziwa la kule linafanyaje usiku? Giza linaingia saa ngapi? Msomaji asipoiamini saa na maji hatamwamini msichana.

Mshona Kurasa

Shikamoo mzee. Nimekaa sana na hilo, na nafurahi umeuliza.

Kwanza giza. Maine iko kaskazini, mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku na mwanga unakawia kuondoka. Wasichana wadogo wanalazwa huku nje bado kunaonekana. Ila kufika katikati ya Agosti jua linazama kama dakika arobaini mapema zaidi. Kwa hiyo kiangazi chenyewe kinanipa saa ya ukutani: kadiri siri inavyozidi kubana, ndivyo usiku unavyozidi kuwahi. Sihitaji kulitaja. Natumia kengele ileile ya kulala, mwanzoni inalia kukiwa na mwanga, mwishoni inalia gizani.

Pili sauti. Kwenye maziwa ya kaskazini kuna ndege wa maji aitwaye loon. Usiku anatoa mlio mrefu unaopanda na kushuka, na mtu asiyemjua anaweza kudhani kuna binadamu analia katikati ya ziwa. Mgeni wangu atausikia usiku wa kwanza, wenzake watamcheka kwa kushtuka. Usiku wa kupotea atausikia tena na hatanyanyuka, kwa sababu ameshafundishwa kwamba ile sauti ni ndege. Sitasema kama usiku ule ilikuwa ndege.

Tatu, tarumbeta. Kambi nyingi hufunga siku kwa wimbo mfupi wa tarumbeta uitwao Taps. Ulipata umbo lake Julai 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Daniel Butterfield alipoutengeneza kwenye kambi ya jeshi huko Virginia uwe ishara ya kuzima taa. Muda si mrefu ukaanza kupigwa kwenye maziko ya askari, na mpaka leo unapigwa. Noti ishirini na nne tu. Fikiria watoto mia mbili wanaolazwa kila siku kwa wimbo wa makaburini, na hakuna anayeona ajabu, mpaka usiku ambao mwenzao hayupo.

Na maji. Maji huwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, ndiyo maana kiangazi ziwa lenye kina linajipanga tabaka: juu vuguvugu, chini baridi kali, na mpaka wake ni wa ghafla. Ukiogelea unahisi miguu imeingia kwenye ziwa jingine. Nimeiweka hiyo sura ya pili, kama mchezo, wasichana wanashindana kushusha vidole kwenye baridi. Baadaye haitakuwa mchezo.

Taa ya Usiku

Dada, kwa nini usitumie kisa cha kweli? Kule Oklahoma mwaka 1977 si kuna wasichana waliuawa kambini? Ungeandika "imetokana na tukio la kweli", ingeuza.

Mshona Kurasa

Taa ya Usiku, hapana, na hapa sina nafasi ya majadiliano. Juni 1977 skauti watatu, watoto wa miaka minane hadi kumi, waliuawa usiku wao wa kwanza kambini. Mtu aliyeshtakiwa aliachiwa na baraza la mahakama mwaka 1979. Familia zimebeba jambo hilo miongo mingi bila hukumu. Mtoto wa mtu si chambo cha kuuzia kitabu cha kubuni.

Nikiwa hapohapo niseme na jingine. Kuna mazoea mabaya ya kuweka "laana ya makaburi ya wenyeji" kila kambi inapohitaji kutisha. Maine ni nchi ya watu wa Wabanaki, wakiwemo Penobscot na Passamaquoddy, na wapo, wanaishi, wana serikali zao. Kambi nyingi za zamani zilijipachika majina na sherehe za kuigiza watu hao, baadhi zimeanza kuziacha. Ukiwafanya mizimu ya kitabu chako umewazika wakiwa hai. Kwangu jambo hilo litaonekana kwa namna moja tu: jina la kambi limefutwa kwenye bango la zamani, na msichana mmoja anauliza kwa nini.

Binti Maktaba

Ahsante kwa hilo.

Dada Mshona, mwisho je? Anakiri? Na aliyepotea anapatikana? Naomba usiwafanyie vijana ule mwisho wa kila kitu kugeuka kwenye kurasa tatu.

Mshona Kurasa

Anakiri, lakini si mwishoni. Anakiri kwenye robo tatu ya kitabu, alfajiri, kwa yule mlezi mwanafunzi, ambaye kumbe naye aliona kibao kikigeuzwa na mkono usio wake. Kwa hiyo wanakuwa wawili walionyamaza, na mkubwa wao ana miaka kumi na saba. Robo iliyobaki ni kuishi baada ya kusema. Waandishi wengi wanaikimbia sehemu hii, wanafunga kitabu kwenye kukiri kana kwamba kukiri ni mlango. Kijana anayesoma anataka kujua chakula cha mchana siku ile kilikuwaje. Alikaa meza gani. Nani alisogea.

Kupatikana, anapatikana hai, ng'ambo ya ghuba, mguu umevunjika, mahali ambapo mtumbwi ungefika kwa dakika kumi usiku uleule. Nimeamua awe hai kwa makusudi. Akifa, msomaji anamlilia yeye na kumsahau aliyenyamaza. Akiwa hai, atarudi kibandani kuchukua begi lake, na mgeni atakuwa amekaa pale kitandani.

Mzee wa Sura

Tuwekee mwanzo, binti yangu. Mistari michache tu.

Mshona Kurasa

Bado mbichi, mzee, lakini huu ndio mwanzo wa sasa:

*Kibao chake kilikuwa namba 27. Upande mwekundu ni majini, upande mweupe ni nchi kavu. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka kwenye kona, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuikwangua kwa ukucha akisubiri zamu. Jioni ile niliigusa kona hiyo kwa kidole gumba. Watu wote wanne waliokuja kunihoji waliniuliza kama niliona mtu yeyote karibu na msitu. Hakuna aliyeniuliza juu ya ubao. Nilikigeuza mimi.*